Jina Kwenye Breki

Mume wangu anauza magodoro, lakini mjini kwetu hakuna anayemwita kwa kazi yake. Wanamwita Radi. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalisambaza mwenyewe, na asiyelitumia hukumbushwa. Mimi namwita Baba Dagaa, kwa sababu binti yetu, mwembamba na mpenda maji tangu hajui kufunga kamba za viatu, anaitwa Dagaa na mtaa mzima. Nikimwita Baba Dagaa mbele ya rafiki zake, hukunja uso kama mtu aliyemeza kidonge bila maji. Ndiyo raha yake.

Gari la Radi liko chini hivi kwamba kushuka humo ni kazi ya kuombewa dua. Lina viti viwili vya mbele vinavyokukumbatia hata kama hutaki, na cha nyuma kinachomtosha Dagaa na taulo lake tu. Boneti ina tundu la kuvuta hewa, na bomba la moshi linakohoa asubuhi mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Injini aliichezea mwaka mzima. Kila alipoongeza kitu aliniita nje, akafungua boneti, akaonyesha kidude kinachong'aa. Nami nilisema "hongera" nikarudi kwenye nguo zangu za kupiga pasi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Siku nzima nakaa kiti cha abiria kwenye kigari kidogo chenye bango la mwanafunzi juu ya paa, na chini ya miguu yangu kuna breki ya pili, ya kwangu mwenyewe. Breki hiyo imeniokoa mimi, wanafunzi wangu, mbuzi wawili watatu na mwanamume mmoja aliyekuwa anavuka barabara huku anasoma simu. Kwa hiyo mguu wangu hauna adabu. Nikipanda gari lolote upande wa abiria, unakanyaga sakafu wenyewe kila ninapoona kona. Radi hunicheka mpaka anapangusa machozi. "Mama Dagaa, unakanyaga hewa hapo," husema. "Hakuna kitu hapo."

Sasa, mji wetu uko juu, na bwawa la kuogelea liko bondeni, chini ya mteremko mrefu wenye kona zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Kwenye kona ya mwisho kuna ukuta wa mawe wenye makovu ya rangi za magari mbalimbali. Wanafunzi wangu siwapeleki huko mpaka wakaribie mtihani. Radi anaupenda mteremko huo, kwa sababu akiwa anashuka watu wa nyumba za kando hutoka nje kuangalia ni nini kinachopiga kelele.

Siku moja tukimpeleka Dagaa mazoezini, nilisikia harufu ya kitu kinaungua. Radi alikuwa anasimulia habari za injini na akaacha kusimulia. Nikaona mguu wake unarudi kwenye breki mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara unazama zaidi. Akarudisha gia, injini ikapiga ukelele, tukaupita ukuta wa mawe karibu kiasi kwamba ningeweza kuupangusa vumbi.

"Baba, kitu gani kinaungua?" Dagaa akauliza kutoka nyuma.

"Watu wanachoma takataka," baba yake akasema.

Jasho lilikuwa linamtoka puani. Tulipofika chini sikupiga kelele, kwa sababu mtoto alikuwepo. Nilimwambia tu, Baba Dagaa, umeweka injini ya kumkimbiza mwizi na breki za kumsindikiza bibi harusi. Ama uziongeze breki, ama mwanangu hatapanda tena chombo hiki. Akakubali hapo hapo. Akasema hata yeye alikuwa amelifikiria. Akasema usalama wa familia ndio jambo la kwanza. Nilifurahi kweli, nikampikia vizuri siku hiyo. Mwanamke mwenye akili angeshtuka.

Alichokuwa amefikiria ni picha. Alikuwa ameona picha ya gari fulani, na ndani ya rimu, nyuma ya vyuma vyake vyembamba, kuna kalipa nyekundu kubwa. Kalipa ndicho kile chuma kinachoibana diski ili gurudumu lisimame. Kwenye magari ya watu wa kawaida ni kitu cheusi chenye kutu ambacho hata mwenyewe hakijui. Kwenye picha ile kilikuwa chekundu na kina maandishi. Radi akatafuta hadi akapata jozi iliyotolewa kwenye gari kubwa la kampuni ile ile iliyotengeneza lake, kalipa nzito, madhubuti, zilizotumika vizuri. Akapata na diski pana, pedi mpya na mipira mipya ya mafuta ya breki. Vitu vyenyewe, lazima niseme ukweli, vilikuwa safi. Hata dada yangu, ambaye hajawahi kusifia kitu ambacho hakukifanya yeye, alivishika akanyamaza.

Lakini kabla havijafika kwa dada, kalipa zililala mezani kwetu sebuleni, juu ya kitambaa changu cha kudarizi. Radi alimwita mchoraji wa mabango, yule aliyeandika juu ya duka lake HATA TEMBO AKILALA HALIBONYEI. Wakakaa na kushauriana rangi kama wazee wanaopanga mahari. Dagaa akachagua nyekundu ya nyanya. Mchoraji alikuwa mtu makini. Kila kalipa ina kichuchu kidogo cha skrubu upande mmoja, ambacho fundi hukilegeza ili kutoa upepo ulionasa ndani ya mafuta ya breki, na mchoraji hakutaka kiingie rangi. Akaiinamisha kila kalipa juu ya kopo tupu, kichuchu chini ndani ya kopo, ikakaa imara. Akapaka. Kisha kwa mkono uliotulia kabisa akaandika RADI, herufi nyeupe zenye kivuli cheusi, moja kalipa ya kushoto, moja ya kulia. Radi aliziweka mbele ya televisheni, akaziangalia hizo badala ya taarifa ya habari.

Dada yangu ana gereji nyuma ya soko la mbao. Hana haya na hana sauti ndogo. Vyeti vyake vimetiwa fremu ukutani, na mteja anayesubiri gari huulizwa kama ameshavisoma. Alizifunga kalipa siku nzima, akibadilisha diski, mipira na mafuta, akimtuma mtu wake akanyage pedeli na yeye chini analegeza vichuchu mpaka upepo wote ukaisha. Akatupeleka mwenyewe kwenye mteremko, yeye kwenye usukani, Radi kando yake, mimi nimekunjwa nyuma. Kila kona gari lilishika barabara likasimama pale alipotaka lisimame, bila harufu, bila pedeli kuzama. Mguu wangu haukukanyaga chochote. Siku hiyo, naapa, nililipenda gari lile.

Tuliporudi gereji ndipo dada akashuka, akaenda hatua kadhaa, akageuka kuangalia kazi yake. Akalaza kichwa begani. Akakilaza zaidi. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Shemeji," akasema, "jina hili umewaandikia popo?"

Radi alishuka mbio. Ndani ya rimu, katika nyekundu ya nyanya, jina lake lilikuwa limesimama kichwa chini, miguu juu, pande zote mbili.

"Zigeuze," akasema.

"Hazigeuki. Kichuchu lazima kiwe juu, na mchoraji wako aliandika kikiwa chini."

"Basi ya kushoto ihamie kulia, ya kulia ihamie kushoto. Nimeshaipiga hesabu, shemeji. Jina litasimama."

"Jina litasimama, gari halitasimama." Dada alikuwa ameacha kucheka. "Nisikilize. Upepo unakaa juu siku zote. Kichuchu kikiwa chini, utatoa mafuta mpaka yaishe kwenye chupa, na upepo utabaki juu umejikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Ukikanyaga breki, utabana huo upepo, diski haina habari na wewe. Kwangu haitoki hivyo. Futa, andika upya."

Nilimsikia kwa masikio yangu, na Radi alimsikia kwa yake. Tulielewana wote watatu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye alijitia hamnazo, akasema mambo ya mafundi yana maneno mengi.

Kufuta na kuandika upya kulihitaji wiki, maana rangi ile ni ya kuvumilia moto na hukaushwa taratibu. Na Jumapili ile wenye magari ya mbio walikuwa wanakutana kwenye uwanja wa mpira, kuonyeshana. Njiani kurudi nyumbani kijana mmoja kwenye kituo cha mafuta aliinama, akasoma, akamuuliza Radi kwa heshima zote hiyo ni lugha gani. Mume wangu alipandisha kioo.

Jumamosi nilikuwa na wanafunzi kutwa. Niliporudi nikakuta uani madoa ya mafuta, jeki imelala ubavu, na ndoo ya Dagaa ya kufulia nguo za kuogelea imejaa majimaji ya rangi ya chai. Radi alikuwa anasugua mikono pamoja na rafiki yake anayeitwa Injinia, ambaye kazi yake ni kufunga madishi ya televisheni na hakuna anayekumbuka alipata wapi uinjinia. Nikatazama gurudumu. RADI, wima, linasomeka toka getini.

Nikaingia kwenye gari, nikakaa kiti cha dereva, nikakanyaga breki. Mguu ulishuka taratibu, laini, bila kukuta kitu, kama mtu anayekanyaga mojawapo ya magodoro ya Radi. Nikakanyaga tena. Chini kabisa.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Ni kwa kesho tu, mke wangu. Nitakwenda mwendo wa konokono, uwanja wenyewe hapo. Jumatatu nampelekea dada yako arudishe."

"Baba Dagaa, hiki ulichofunga ni mapambo."

"Ukipiga piga mara tatu inashika. Magari ya mbio yote yako hivyo."

"Kweli kabisa," akasema Injinia. Nikamwangalia, akakumbuka kuna dishi mahali linamsubiri.

Nilimwekea mume wangu sharti mbele ya mtoto, ili asije akaligeuza. Mashindano ya kuogelea ya Dagaa yalikuwa yanakuja, bondeni, chini ya ule mteremko. Kwa majuma mengi baba yake alikuwa amemwahidi kwamba atamshusha yeye, kwa gari hilo, na wenzake wote wataliona. Nikasema: kama dada hajazirudisha kalipa mahali pake, Dagaa hatapanda. Jina likiwa kichwa chini, mwanangu anakwenda na wewe. Likiwa wima, anakwenda na mimi kwenye kigari changu chenye bango.

"Mama!" Dagaa akalia. "Kile kimeandikwa MWANAFUNZI!"

"Atakwenda na mimi," Radi akamwambia, akamshika kidevu. "Baba ameshasema. Zitarudishwa."

Jumapili mume wangu alikuwa nyota. Niliambiwa, maana sikwenda. Watu walichuchumaa mbele ya magurudumu yake, wakapiga picha, wakamwuliza kalipa amezitoa wapi. Gari lilikaa mahali pamoja kutwa nzima. Sidhani kuna breki duniani zilizotazamwa sana na kutumika kidogo kuliko zile. Alirudi kichwa kimevimba, akiwa amepangiwa kuonekana kwenye maonyesho mengine. Jumatatu akaenda dukani. Jumanne duka lilikuwa na wateja. Baadaye ilikuwa mvua.

Siku moja jioni alirudi anapiga mluzi, akaingiza gari kwenye banda, akalifunika turubai mpaka chini. Akaingia jikoni.

"Nimetoka kwa dada yako," akasema. "Mambo safi."

"Amezirudisha?"

"Amezirudisha, amenitukana, amezirudisha tena. Unamjua."

Niliamini. Ile "amenitukana" ndiyo iliyoniua, maana ndivyo dada alivyo. Tena Dagaa alikuwa ameshamrukia baba yake shingoni, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa yule anayekataa kila kitu katika nyumba ile. Sikwenda kufunua turubai. Mwalimu wa udereva, mtu anayewafokea wanafunzi wakisahau kutazama kioo, sikutazama.

Asubuhi ya mashindano ilikuwa nzuri, jua jepesi, mtaa umefagiliwa. Radi alilitoa gari akalisugua mpaka likawa linaonyesha mawingu. Dagaa alikuwa ameshakaa nyuma, kofia ya kuogelea kichwani tangu nyumbani, taulo mapajani, amejifunga mkanda mwenyewe. Mimi nilisimama kwenye ngazi za barazani na kikombe cha chai. Nilikuwa napunga mkono. Radi akaliwasha, likakohoa, mbwa wakaitikia.

Basi nikasoma. Sikuinamisha kichwa, sikusogea, sikukaza macho. Nilisoma tu, kama mtu anavyosoma bango la duka akipita: RADI.

Kikombe sijui nilikiweka wapi. Nilijikuta mbele ya boneti na mikono juu yake.

"Zima gari."

"Nini tena?"

"Zima, Baba Dagaa. Dagaa, shuka."

"Mama, tutachelewa!"

"Shuka nimesema!"

Nilimfungua mkanda mwenyewe, nikamtoa. Alikuwa analia kwa hasira, ananisukuma, ananiambia namwonea wivu baba, kwamba kila kitu kizuri cha baba mimi nakiharibu. Nilimshika mkono tu. Radi naye alishuka, akazunguka, anatabasamu lile tabasamu lake la kuuzia magodoro yenye kasoro.

"Mke wangu, dada yako alipata njia nyingine. Kitaalamu. Ameacha jina hivyo hivyo, akatoa upepo kwa mashine."

Nikatoa simu, nikampigia dada, nikaiweka sauti kubwa. Kwa dada hakukuwa na haja.

"Dada, gari la shemeji yako umelirekebisha lini?"

"Gari gani?" Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga. "Tangu siku ya popo sijaliona. Kwani hajaandika upya yule? Mwambie nina nafasi leo. Mwambie na mtoto asi..."

Radi aliikata simu kwa kidole chake mwenyewe. Dagaa aliacha kulia. Alikuwa anamtazama baba yake, mdomo wazi kidogo, kofia imemkaza mpaka nyusi zimepanda juu.

Mwanamume mwingine angesema nimekosa, tukacheka, tukaenda. Mume wangu alitazama upande wa pili wa barabara, ambako majirani walikuwa wameshaanza kumwagilia maua yasiyohitaji maji, akavuta suruali juu.

"Mnanifanya mtoto," akasema. "Nimeliendesha wiki nzima. Nimekufa? Tazameni."

Akaingia. Nilipiga dirisha, nikamwambia usiende, nikamwambia nakuomba, na hapo sikuwa namdhihaki. Akatoka getini akakunja kushoto.

Mtaa wetu wenyewe unashuka. Si mteremko wa kutisha. Mtoto wa baiskeli anaushuka akiachia mikono. Mwisho wake unakutana na barabara kubwa, na hapo hapo, ng'ambo ya barabara, linakutazama duka la magodoro. Mtu wake wa dukani alikuwa ameshafungua na kupanga bidhaa nje kama kila siku: godoro juu ya godoro, safu tatu, barazani, chini ya yale maneno ya tembo.

Radi aliondoka kwa kishindo ili tusikie. Katikati ya mtaa taa zake nyekundu za nyuma zikawaka. Nikaona zinazimika, zinawaka tena, zinazimika, zinawaka, haraka haraka, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Mguu wangu, pale getini, ulikuwa umekanyaga ardhi mpaka kisigino kikauma. Alipiga honi ndefu. Barabara kubwa, kwa huruma ya Mungu, ilikuwa tupu. Akaivuka yote, akapanda baraza, akaingia kwenye magodoro.

Hakukuwa na mlio mkubwa. Ilikuwa sauti nene, nzito, kisha godoro moja la juu likateleza polepole likalala juu ya boneti. Breki ya mkono aliikumbuka akiwa ameshafika. Tuliikuta imevutwa mpaka mwisho.

Nilikimbia, na Dagaa alinipita. Alikuwa na miguu mitupu na ile kofia. Tulipofika, Radi alikuwa ameshasukuma mlango na kutoka, mzima, nywele zimejaa nyuzi za sponji. Watu walikuwa wanakuja kutoka pande zote, na mmoja, sitamtaja, alikuwa anasema kwa sauti kwamba leo tembo amelala na limebonyea. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Mimi pia kilinifika kooni, lazima niseme, pamoja na kilio, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mume wangu hakumtazama aliyesema. Wala hakututazama sisi. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaingiza vidole kati ya vyuma vya rimu, akapangusa vumbi kwenye zile herufi. Nadhani hakujua anafanya nini. Nadhani mikono ilikwenda yenyewe, kama mguu wangu. Lakini Dagaa aliona.

"Baba," akasema.

Radi akageuka.

"Ungenishusha nayo kule?"

Mume wangu ana jibu la kila mtu. Ameniuzia mimi mwenyewe maneno zaidi ya magodoro aliyouza maishani. Safari hii aliangalia vidole vyake vyenye vumbi.

"Mashindano yanaanza," nikasema, kwa sababu mtu lazima aseme kitu. "Twendeni."

Tulishuka bondeni kwa kigari changu. Niliendesha mimi, Dagaa nyuma, na Radi ikabidi akae kiti changu, cha mwalimu, magoti yakimgusa kidevu, bango la MWANAFUNZI juu ya kichwa chake. Chini ya miguu yake ilikuwa breki ya pili. Kona ya kwanza aliikanyaga, tukasimama katikati ya barabara, lori nyuma yetu likatupigia honi. "Toa mguu," nikamwambia. Akautoa. Kona iliyofuata akaikanyaga tena. Mpaka chini alikuwa amekunja miguu yote miwili juu ya kiti na kuishika kwa mikono, na hakuna aliyemcheka humo ndani. Dagaa aliogelea, akawa wa tatu, akatoka majini akaja kujifuta kwangu.

Dada aliirudisha kazi yake vilevile ilivyokuwa, kushoto kushoto, kulia kulia, akatoa upepo, akamwonyesha Radi vyeti vyote kimoja baada ya kingine. Boneti ilinyooshwa, tundu lake halikunyooka vizuri. Radi akamtafuta mchoraji wa mabango aje afute jina aliandike upya, sawasawa, kichwa juu. Siku mchoraji alipofika na makopo yake, Dagaa alikuwa amekaa barazani anakula chungwa.

"Usifute," akamwambia.

"Mwanangu, limepinduka," Radi akasema.

"Najua. Libaki."

Mchoraji akamtazama baba, baba akanitazama mimi. Sikumsaidia. Mchoraji akafunga makopo yake akaenda.

Mpaka leo jina liko hivyo, na mjini wamempa lingine; wanamwita Popo, na hilo hakujipa mwenyewe. Gari linasimama vizuri sana. Kila Jumamosi asubuhi huliwasha na kusimama kando ya mlango na funguo mkononi. Dagaa hutoka na taulo lake. Huenda kwanza gurudumu la kushoto, huchuchumaa, hulaza kichwa begani, husoma. Huzunguka mbele, huchuchumaa kulia, husoma tena. Baba yake humsubiri amalize, macho chini, na hajawahi kumwambia afanye haraka.